Faraja Isiyongoja Dhiki Iishe

Mnamo mwezi wa Julai mwaka 1844, katika nyumba moja ya Mombasa, mtu na mkewe walikuwa wamelala taabani kwa homa, na pamoja nao mtoto mchanga wa kike aliyezaliwa tarehe 6 ya mwezi uleule. Mume aliitwa Johann Ludwig Krapf, Mjerumani wa nchi ya Württemberg, mhubiri wa Injili aliyetumwa na chama cha misioni cha Kanisa la Uingereza, kiitwacho CMS. Mke aliitwa Rosine, na ndiyo kwanza alikuwa anaanza kuizoea bandari hiyo. Tarehe 13 Rosine alifariki dunia. Krapf mwenyewe alikuwa hoi hata ikambidi ajikongoje kutoka kitandani ili ayakinishe kwa macho yake kwamba mwenziwe amekata roho kweli; na kabla hajajua kama yeye naye atainuka katika maradhi yale, mtoto akamfuata mama yake, akazikwa ubavuni pake ng'ambo ya maji, upande wa bara, mahali ambapo leo huitwa Nyali.

Wahenga wametuusia kwamba baada ya dhiki faraja, na usia huo ni wa kweli katika mambo mengi ya dunia, kwa kuwa njaa hupita mvua zikinyesha, deni hulipwa, na mgomvi wa jana huja leo kuomba radhi. Lakini zipo dhiki zisizokuwa na baada. Aliyezika mke na mwana hatarudishiwa waliokwenda. Aliyepofuka uzeeni hatazamii kuona tena. Na aliyeibwa utotoni akauzwa nchi za mbali huenda asijue hata kijiji cha kurudi. Watu wa namna hii, ambao ni wengi kuliko tupendavyo kukiri, hawawezi kuambiwa wangoje. Kama ipo faraja kwa ajili yao, haina budi kuwafikia dhiki ingali nao nyumbani. Jambo hili ndilo ambalo dini ya Kikristo hudai kulijua, na ni dai kubwa, linalostahili kupimwa kwa maisha ya watu walioishi kweli wala si kwa maneno matamu ya mimbarini. Nami sioni mahali pazuri pa kulipimia kuliko pwani yetu wenyewe, katika masafa mafupi yaliyopo kati ya bandari ya Mombasa na vilima vya Rabai.

Yafaa kwanza tuelewane juu ya kile kilichoahidiwa, kwa maana wapo wahubiri, na siku hizi sauti zao ni kubwa, wanaowaambia watu kwamba amani ya Mungu ni kuondolewa kwa matatizo: maradhi yatoke, mali iingie, adui aaibike. Msomaji wa Injili akitazama vizuri ataona kwamba mambo hayakuwekwa hivyo. Yesu aliwaahidi wanafunzi wake amani usiku ule ambao saa chache baadaye yeye mwenyewe alikamatwa, nao wakatawanyika kwa hofu; na Paulo, alipowaandikia Wafilipi kwamba moyo wa mwamini waweza kulindwa na amani iliyo juu ya fahamu zote za binadamu, aliandika akiwa kifungoni, asijue kama ataachiliwa au atauawa. Kwa hiyo yule aliyeahidi na yule aliyethibitisha wote wawili walikuwa katikati ya shida, na hakuna hata mmoja wao aliyesema kwamba shida yenyewe si kitu. Fauka ya hayo, kitabu cha Zaburi, ambacho Wakristo wamekitumia kwa sala tangu zamani, kimejaa malalamiko: watu wanamwuliza Mungu kwa nini amejificha, wanalia usiku kucha, wanahesabu mifupa yao. Dini isiyoruhusu kilio isingalikihifadhi kitabu kama hicho.

Krapf alilelewa katika namna ya Ukristo iliyokuwa ikiyashika sana mambo hayo. Alizaliwa mwaka 1810 katika kijiji cha Derendingen, katika sehemu ya Ujerumani ambayo wakulima na mafundi wake wengi walikuwa na desturi ya kukutana majumbani ili kusoma Biblia, kuomba kwa magoti, na kuhesabiana mwendo wa roho zao. Baadhi yao walianzisha mwaka 1819 mji mdogo wa waumini uitwao Korntal, karibu na Stuttgart, ambao utatajwa tena katika habari hii. Watu hawa hawakuwa na fahari wala elimu nyingi ya falsafa. Walichokuwa nacho ni mazoea: sura ya Biblia kila siku kwa zamu yake, iwe siku ya harusi au ya msiba, na daftari ambamo mtu aliandika bila kuficha kile alichokiona moyoni mwake. Mazoea hayo yaonekana madogo kwa mwenye nafasi, lakini tutaona jinsi yalivyobeba uzito ambao hoja kubwa kubwa zisingaliweza kuubeba.

Msiba wa Mombasa haukuwa wa kwanza. Krapf alikuwa amekwenda Uhabeshi mwaka 1837, akakaa Shoa kwa mfalme Sahle Selassie, na mwaka 1842 akatoka nchini humo akidhani atarudi, kumbe njia ilikwisha kufungwa. Njiani akanyang'anywa mali yake yote na mkuu mmoja aliyejifanya mwenyeji wake. Mwaka huohuo akamwoa Rosine Dietrich huko Misri, naye pia alikuwa mtu wa huzuni, kwa sababu mchumba wake wa kwanza, mmisionari vilevile, alikuwa amefariki. Walipojaribu kuingia Uhabeshi tena kwa njia ya Masawa, Rosine alijifungua kabla ya wakati katika nyika ya Washoho, na mtoto hakuishi. Walimwita Eneba, maana yake chozi kwa lugha ya nchi ile, wakamzika chini ya mti kando ya njia, na wenye ngamia hawakuwapa muda mrefu wa kukaa kaburini.

Hivyo basi waliofika Mombasa mwaka 1844 walikuwa watu waliokwisha kuonja. Sayyid Said, Sultani wa Unguja, alikuwa amempokea Krapf kwa murua na kumwandikia barua kwa maliwali wake wa pwani, akimtaja kuwa mtu mwema apendaye kuwaongoza watu kwa Mungu. Na tarehe 8 ya Juni Krapf akaanza kukifasiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na Sheikh Ali bin Mohidin, Kadhi wa Mombasa. Naomba msomaji asilipite jambo hili kwa haraka. Mkristo na Mwislamu, ambao kila mmoja aliamini kwamba mwenziwe amekosea njia, waliketi pamoja kutafuta maneno ya kusimulia jinsi mbingu na nchi zilivyoumbwa, na wiki tano baadaye mmoja wao akawa mjane. Habari za kufarijiwa kwake haziwezi kutengwa na watu waliomzunguka.

Rosine mwenyewe, kwa namna mumewe alivyosimulia, hakuingia katika mauti kwa wepesi. Mwanzoni alisumbuliwa na shaka, akajiona hana imani ya kutosha, na akaomba kwa uchungu. Kisha utulivu ukamjia, akawaombea jamaa zake, na kazi ya misioni, na nchi ya Afrika ya Mashariki, hata na Sultani, ili Mungu auelekeze moyo wake katika heri ya raia zake. Alitaka azikwe upande wa bara, kwenye njia ya Wamijikenda, ambao waandishi wa zama zile waliwaita Wanyika, ili kila apitaye akumbuke kile kilichomleta mwanamke yule kutoka mbali. Mimi huyaamini masimulizi haya kwa sababu ya ile shaka ya mwanzo, ambayo Krapf hakuificha. Kama angalitaka kumtengenezea mkewe sifa tupu, angaliiacha.

Ama Krapf, alipopata nguvu ya kushika kalamu, aliwaandikia wakubwa wake huko London maneno ambayo yamejulikana sana tangu wakati ule. Aliwaambia kwamba sasa lipo kaburi la pweke katika pwani ya Afrika ya Mashariki, na kwamba kaburi hilo ni dalili ya kuanza kwa vita vya Injili katika sehemu hii ya dunia, kwa hiyo wajue kwamba saa imefika. Watu wengi wamezisifu barua hizo. Nami nazistahi, lakini sitaficha kwamba kila nizifikiripo naona ubaridi kidogo, kama kwamba mjane aliharakisha kuligeuza kaburi la mkewe kuwa bendera kabla udongo haujakauka. Huenda namdhulumu, huenda mtu asiyekuwa na ndugu, wala kungwi, wala matanga ya kuwalaza majirani sebuleni, hana njia nyingine ya kuubeba msiba isipokuwa kuupa kazi. Kwa hakika Krapf aliupa kazi. Alirudia fasiri yake, akakusanya msamiati, na mwaka 1850 akatoa kitabu cha sarufi ya Kiswahili ambacho wanafunzi wa lugha yetu hukitaja mpaka leo.

Amani ya Krapf ilikuwa ya namna hiyo, amani ya mwendo, isiyotulia mahali pamoja. Mwaka 1851 alisafiri Ukambani pamoja na Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Wakamba, na karibu na mto Tana wanyang'anyi wakawavamia, Kivoi akauawa, na Krapf akabaki peke yake porini, akitembea usiku na kujificha mchana. Maji aliyachukua katika mitutu ya bunduki na katika kifuko cha darubini. Nyasi alizozibia mitutu zikang'olewa na miiba, maji yakamwagika. Na alipokuwa karibu kukata tamaa alisikia kelele za nyani, akazifuata, akakuta wamefukua mchanga mpaka majini. Mtu huyu aliandika kwamba katika siku zile aliomba, akasinzia, akaamka, akaendelea. Hakuandika kwamba hakuogopa. Kituo alichotaka kukifungua Ukambani hakikusimama, na mwaka 1853 afya yake ilimlazimisha kurudi Ulaya.

Aliyebaki ni mwenziwe, Johannes Rebmann, na hapa ndipo ninapopenda kukaa zaidi, kwa kuwa naona kwamba Rebmann, ambaye wengi humjua kwa ajili ya mlima tu, ndiye aliyeujua undani wa jambo tunalolizungumza.

Rebmann alizaliwa mwaka 1820 huko Gerlingen, katika nchi ileile ya Krapf, akafika Mombasa mwaka 1846. Tarehe 25 Agosti ya mwaka huo wote wawili walipanda kwenda Rabai kuanza makao yao, ilhali wote wawili walikuwa na homa, wakiwa na punda mmoja waliyempanda kwa zamu. Wazee wa Rabai waliwapokea kwa hisani, wakawapa mahali, wakasikiliza mahubiri yao, kisha wakaendelea na sadaka zao na maombi yao ya mvua katika kaya kama walivyofanya mababu zao. Hili nalo lisichukuliwe kwa dharau: Wamijikenda walikuwa na namna yao ya kumkabili Mungu wakati wa njaa na maradhi, na hawakuona sababu ya kuiacha kwa ajili ya neno la wageni wawili wanaotetemeka kwa baridi ya homa juani.

Mwezi wa Mei 1848, akiongozwa na Bwana Kheri aliyezijua njia za bara, Rebmann aliuona Kilimanjaro na theluji yake. Siku ile, kwa mujibu wa zamu yake ya kusoma, alikuwa amefikia Zaburi ya 111, inayozungumza juu ya matendo makuu ya Mungu, akaisoma papo hapo mbele ya mlima. Huko London, mwanajiografia William Desborough Cooley, ambaye hakupata kukanyaga nchi hizi, akamcheka hadharani, akasema kwamba theluji karibu na ikweta ni ndoto ya mtu mwenye macho mabovu. Dhihaka hiyo ilidumu miaka. Rebmann alijibu kwa kadiri ilivyohitajika, kisha akaliacha jambo hilo, na mlima ukaendelea kuwa pale.

Mwaka wa pili alifika Machame kwa Mangi Mamkinga, akitaka kupita mpaka Unyamwezi. Mangi alimkaribisha kwa maneno mazuri, kisha kidogo kidogo akamnyang'anya bidhaa zake, hata Rebmann akabaki hana kitu cha kulipia njia, mwili ukiwa dhaifu na mvua zikinyesha. Hapo akashindwa kuyazuia machozi. Mangi alipouliza analia nini, akajibu kwamba halii sana kwa ajili ya mali yenyewe. Analia kwa sababu mali ile ilitolewa na watu wema wa kwao waliotamani Wachaga na watu wa bara wakipate kile Kitabu, na sasa haiwezekani tena. Akarudi pwani kwa miguu, akiwa anaumwa.

Nimelitaja jambo hili kwa makusudi, maana watu wengi hudhani kwamba mwenye amani ya moyoni halii, na hivyo mwamini afiwaye huona haya machozi yake kana kwamba ni ushahidi wa kupungukiwa na imani. Nimehudhuria matanga ambako mjane alikatazwa kulia na watu wa kanisa lake mwenyewe, akiambiwa aonyeshe ushindi, na nilimwona akiwaitikia kwa kichwa na kuyameza machozi yake kama mtu anayemeza dawa chungu mbele ya tabibu mkali. Ukatili wa namna hiyo hauna msingi katika Injili, ambamo Yesu mwenyewe alilia mbele ya kaburi la rafiki yake Lazaro. Rebmann alilia mbele ya Mangi na watu wake wote, kisha akaendelea kuamini jioni ileile. Hakuna mgongano wowote baina ya mambo hayo mawili, kwa kuwa imani yake haikuwa hali ya moyo kujisikia vizuri. Ilikuwa ni kumtegemea Mtu aliyemjua, hali ya moyo iwe vyovyote iwavyo.

Miaka iliyofuata haikumpa sababu nyingi za kujisikia vizuri. Wasaidizi waliotumwa kuja kumpunguzia upweke walikufa upesi: fundi Johannes Wagner mwaka 1849, na Pfefferle mwaka 1851, kila mmoja muda mfupi tu baada ya kufika. Rebmann alioa huko Misri mwaka 1851, na mkewe Emma akakaa naye Rabai kwa ujasiri mkubwa. Mtoto wao wa pekee alikufa akiwa mchanga. Uvamizi wa Wamasai uliwalazimisha kukimbilia Unguja kwa muda. Na mwaka 1866 Emma naye akafariki. Waliobatizwa katika muda wote huo walikuwa wachache mno. Wa kwanza alikuwa Mringe, mtu kilema, aliyebatizwa karibu na kufa kwake, kwa hiyo hata tunda hilo la kwanza lilichumwa na kuzikwa. Baadaye akaja Abe Gunja na mwanawe Nyondo, na wengine wa kuhesabika. Kwa mizani ya dunia, na hata kwa mizani ya chama chake, ambacho kilipenda kupata habari za makutaniko yanayokua, hii ilikuwa hasara tupu.

Alifanya nini Rebmann katika miaka hiyo? Aliandika maneno. Siku nenda siku rudi aliketi na wenyeji wa Rabai akakusanya maneno ya Kinyika. Akaketi na Salimini, mtumwa aliyetoka nchi za Ziwa Nyasa, akakusanya maneno ya lugha ya huko. Na yale ya Kiswahili akayaongeza kwenye yale aliyoanza Krapf. Wageni waliopita walimwona kuwa mtu aliyezama katika kamusi na kusahau dunia, na Sir Bartle Frere, mjumbe wa Serikali ya Uingereza, alipomzuru mwaka 1873, alimkuta macho yake yamekaribia kupofuka kabisa, pamoja na kundi lake dogo. Wapo waliosema waziwazi kwamba alipaswa kuwa amerudi kwao zamani.

Sikubaliani nao, ingawa natambua kwamba Rebmann alikuwa mkaidi na kwamba kazi yake ingaliweza kuendeshwa kwa uchangamfu zaidi. Nadhani katika dawati lile la kamusi ndimo tunamoweza kuona jinsi faraja inavyofanya kazi kwa mtu ambaye dhiki yake haina mwisho unaoonekana. Mwenye huzuni kubwa huvunjwa zaidi na urefu wa wakati kuliko na uzito wa jambo lenyewe: akitazama mbele huona miaka mitupu imepangana, akitazama nyuma huona makaburi. Mazoea ya watu wa Korntal yalimkatia Rebmann wakati huo vipande vidogo. Asubuhi ilikuwa na sura yake ya Biblia, iliyokwisha kuwekwa na zamu wala haikumngoja apate hamu. Mchana ulikuwa na maneno yake kadhaa ya kutafutwa maana, kazi ndogo, ya kweli, yenye manufaa kwa mtu mwingine. Jioni ilikuwa na sala, ambamo aliweza kumkabidhi Mungu kila alichoshindwa, na kulala. Kwa kuamini kwamba matokeo yamo mikononi mwa Mwenyezi Mungu, alisamehewa jukumu la kufaulu, akabakiwa na jukumu la kuwa mwaminifu tu, ambalo binadamu dhaifu aweza kulitimiza hata akiwa kipofu.

Msomaji asiyekuwa Mkristo, au asiyeshika dini yoyote, aweza kusema kwamba utaratibu na kazi vyaweza kumtuliza mtu hata bila Mungu, na sitabishana naye, kwa sababu ni kweli kwa kiasi kikubwa. Hata hivyo Rebmann mwenyewe asingaliyatenganisha mambo hayo. Aliandika maneno kwa sababu aliamini yatabeba Injili kwa watu ambao yeye hatawaona. Ondoa imani hiyo, na daftari lile lawa rundo la karatasi katika kibanda chenye joto. Wala imani haikumwondolea mbu, wala haikumrudishia Emma. Na ninaposoma maandishi ya baadhi ya wacha Mungu wanaodai kwamba mtu akiamini vya kutosha hata mwili wake utapona, naona wamewasahau watu kama hawa, ambao hakuna mwenye haki ya kusema kwamba waliamini kwa kiasi kidogo.

Mwaka 1875, baada ya miaka 29 ambayo hakupata hata mara moja kurudi kwao Ujerumani, Rebmann aliondoka Rabai, akishikwa mkono na Isaac Nyondo, mwana wa Abe Gunja, aliyesafiri naye mpaka Ulaya kama macho yake. Alikwenda kukaa Korntal, ambako Krapf alikuwa akiishi. Watu hawa wawili walikuwa wamehitilafiana katika mambo mengi, kwa kuwa Krapf alitaka mnyororo wa vituo kutoka bahari hata bahari, na Rebmann alitaka kukaa mahali pamoja mpaka pawe pamekaa kweli. Lakini sasa wakawa majirani. Rebmann alifariki tarehe 4 Oktoba 1876. Krapf alimfuata mwezi wa Novemba 1881, akakutwa amepiga magoti kando ya kitanda chake, na kamusi kubwa ya Kiswahili iliyotokana na kazi ya wote wawili ikachapwa mwaka uliofuata, wote wawili wakiwa hawapo.

Kama habari ingeishia hapo, mtu angeweza kudhani kwamba amani hii ni tunu ya Wazungu wachache wenye moyo mgumu. Lakini Rabai ilikuwa imekwisha kupata watu wengine, ambao dhiki yao ilizidi ya Krapf na Rebmann kwa mbali. Tangu mwaka 1864 walikuja kutoka Uhindi vijana Waafrika, miongoni mwao George David, William Jones na Ishmael Semler, walioibwa utotoni katika bara, wakatolewa majahazini na manowari za Waingereza, wakalelewa na kufunzwa kazi katika makao ya misioni karibu na Nasik. Krapf na Rebmann waliacha nyumbani kwa hiari na walijua walikoacha. Vijana hawa walichukuliwa, na baadhi yao hata jina walilopewa na mama zao lilikuwa limewapotea. Ndio waliolishika kundi la Rabai wazee wale walipokwisha kuondoka, na watumwa waliotoroka mashamba ya pwani walipoanza kukimbilia huko kwa mamia, walikuta mlangoni watu ambao hawakuhitaji kuelezwa utumwa ni nini.

Mwaka 1885 Askofu James Hannington aliwawekea mikono Jones na Semler kuwa mashemasi, kisha akamchukua Jones katika safari yake ya kwenda Uganda kwa njia ya Umasai. Huko Kavirondo askofu akamwacha na sehemu kubwa ya wapagazi, akatangulia na watu wapatao hamsini. Mwisho wa Oktoba akauawa Busoga, na wengi wa wenziwe pamoja naye. Jones alingoja mpaka habari zikathibitika, kisha akawakusanya waliosalia, akawarudisha kwa miguu mpaka pwani, safari ya miezi, na mwezi wa Februari 1886 msafara ukaingia Rabai nyuma ya bendera ya buluu ambayo juu yake aliandika kwa herufi nyeupe neno Ikabodi, ambalo katika Agano la Kale ni jina la mtoto aliyezaliwa siku ya maafa, siku ambayo mama yake alisema utukufu umeondoka. Mtu aliyewahi kupoteza nyumbani kwao hakuona haja ya kuipamba huzuni kwa maneno ya ushindi. Aliitangaza barabarani, mbele ya wajane waliotoka kuwatafuta waume zao katika msafara, na baada ya hapo akarudi katika kazi yake ya kuwafundisha na kuwahifadhi watoro wa Rabai, kazi iliyokuwa ya hatari, kwa kuwa wenye mashamba walidai watu wao na walitishia kuja kuwachukua kwa silaha.

Mgogoro huo ulimalizwa kwa fedha. George Mackenzie, wa kampuni ya Waingereza iliyokuwa imeanza kushika hatamu za pwani, alikubaliana na wenye watumwa juu ya fidia, na tarehe 1 Januari 1889 hati za uhuru zikagawiwa kwa watoro wapatao 1,400 wa vituo vya misioni, wengi wao wakiwa ni wale waliokuwa wamehifadhiwa Rabai na Jones.